Dirisha la Nadhiri

Maji yalionekana kwa mara ya kwanza adhuhuri moja mwishoni mwa Julai, mwaka 2015, katika majlisi, yaani sebule ya wageni, ya jumba moja la Kiarabu huko Umm Salal, siku isiyokuwa na mvua, wala bomba lililopasuka, wala mtu aliyemwaga kikombe. Yalikuwa kidimbwi kisichozidi upana wa sinia, mbele ya dirisha kuukuu la mbao lililoegemezwa ukutani likimsubiri fundi. Nasra Shekue, mwanamke wa Tanga aliyekuwa mtumishi wa nyumba ile kwa mwaka wa tatu, alichutama akayagusa kwa ncha ya kidole, kisha akauondoa mkono upesi. Nje, vyuma vya lango havikushikika kwa ukali wa jua. Ndani, maji yale yalikuwa na ubaridi unaouma mifupa. Aliyafuta. Alipolikamua tambara jikoni, katika sinki lilibaki jani moja bichi la mti asioujua.

Wenye nyumba walikuwa wamesafiri kukimbia joto. Aliyebaki naye ni Reuben peke yake, dereva Mkenya aliyekaa katika chumba cha kando ya lango. Nasra alimwonyesha jani.

"Hiyo ni AC, dada," Reuben alisema. "Nchi hii hata AC inatoka jasho."

"AC inatoa majani?"

"Limeingia na viatu vyako."

"Mimi navaa viatu ndani ya majlisi ya watu, kaka Reuben?"

Reuben alicheka. "Nyinyi watu wa pwani, friji ikinguruma tayari ni jini. Mimi ni Msabato. Hao hawanijui, na mimi siwajui."

Nasra hakucheka. Kulikuwa na jambo juu ya dirisha lile ambalo hakuwa amemwambia mtu.

Lilikuwa limeletwa mwezi Machi. Bibi mwenye nyumba, ambaye watumishi walimwita Madamu, alilinunua kwa mfanyabiashara wa vitu vya kale, akaambiwa kuwa limetoka katika ziara moja ya bonde la Kashmiri, mahali ambapo kaburi la walii wa Kiislamu na chemchemi inayotukuzwa na Wahindu vimo ndani ya ua mmoja, na kwamba mafuriko ya mwaka uliotangulia yaliubomoa ukuta wake. Lilikuwa la mti wa jozi, refu kumshinda mtu, limetobolewa matundu ya umbo la nyota, na katika kila tundu mlikuwa na nyuzi zilizofungwa: nyekundu, za manjano, za kijani, vipande vya mitandio, vingine vimepauka, vingine vikiwa bado na rangi ya jana. Madamu aliagiza zikatwe zote.

Nasra alikaa mbele ya dirisha na mkasi mkononi asiweze kuufungua. Nyuma ya kijiji cha mama yake palikuwa na pango la mzimu, na mdomoni mwake wenye haja walitundika vitambaa vyekundu na vyeupe. Alilelewa akijua kwamba kitambaa kikishatundikwa ni mali ya mwenye pahali. Kinaachwa kioze kwa mvua na umande. Hata aliyepata haja yake hakigusi tena, maana kukirudia ni kupokonya alichokwisha kutoa. Basi hakukata hata uzi mmoja. Alichukua kijiti, akazisukuma nyuzi zote zipite matunduni ziangukie upande wa nyuma, na uso wa dirisha ukabaki safi. Madamu aliridhika.

Kabla ya kulirudisha dirisha ukutani, Nasra alichana ukanda katika pindo la kanga yake, akaufunga kwa nyuma, chini kabisa, mafundo mawili. Mwanawe Mwanakheri, mwenye umri wa miaka sita, alikuwa Tanga kwa bibi yake, na kifafa kilikuwa kikimwangusha mara tatu kwa wiki. Mara moja kilimwangusha jikoni, akabaki na kovu la moto mgongoni mwa mkono wa kulia, lenye umbo la mbegu ya embe. "Mwenye pahali," Nasra alinong'ona, "mfungie mwanangu maradhi yake."

Mwanakheri hakuanguka Aprili. Hakuanguka Mei. Nasra alilia kwa furaha chooni, huku bomba likiwa wazi ili asisikike. Ramadhani ilipoingia, mama yake, Bi Mwanaidi, alipiga simu na sauti ya mtu anayechagua maneno.

"Hajaanguka, mwanangu, alhamdulillahi. Ila mkono wa kulia ameufumba."

"Ameufumba vipi, mama?"

"Ameufumba. Anakula kwa wa kushoto, namkaripia bure. Nimejaribu kumfungua amelala. Ni kama nafungua jiwe."

Hospitali walipiga picha, wakasema mifupa ni mizima. Wiki ile maji yalipoonekana kwenye majlisi, mkono wa kushoto nao ukajifumba. Agosti ilipoanza, Bi Mwanaidi alisema kwamba mtoto halii tena, haombi maji, wala hasemi. Anakaa mkekani ameinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza mazungumzo ya watu wazima katika chumba cha pili.

"Analishwa kwa kijiko, Nasra. Na meno yameanza kubana. Kesho kutwa sijui kijiko kitapita wapi."

Katika siku zile zile Madamu alituma ujumbe kutoka ughaibuni: fundi atakuja mwisho wa mwezi kulijengea dirisha ukutani kwa saruji, wakirudi walikute tayari.

Nyumba ilikuwa imebadilika. Harufu ilianza ukumbini, ya udongo uliolowa na samli inayoungua katika utambi, na ilikuja daima saa sita mchana, wakati vivuli vinapojikunja chini ya miguu. Kisha zilikuja nyayo. Nasra, akipiga pasi jikoni, alisikia miguu mitupu mingi ikizunguka majlisini, taratibu, bila kusukumana, kama ya watu wanaongoja zamu. Alipofungua mlango palikuwa kimya, na zulia lilikuwa limelowa duara zima.

Siku ya tano ya Agosti hakuondoka mlangoni. Alisimama akiisoma Ayatul Kursiyyu kwa midomo isiyotoa sauti, na baridi ikamjia kutoka upande wa dirisha, baridi isiyofanana na ya mashine kwa kuwa ilikuwa na uzito na unyevu, ikapanda kutoka vifundoni hadi magotini hadi kifuani. Na alipoyainua macho aliona kwamba nyuma ya matundu yale ya nyota, mahali ambapo alijua kwa yakini kuwa pana ukuta mweupe alioufuta kwa mikono yake mwenyewe kila Alhamisi, hapakuwa na ukuta, bali mwanga wa kijivu kama wa alfajiri yenye ukungu, na maji meusi yaliyotulia, na kandokando ya maji watu wameketi wamempa mgongo, wakubwa kwa wadogo, wote wameinamisha vichwa upande mmoja, wote wameweka ngumi magotini. Na katika safu ya mwisho, karibu kabisa na matundu, ngumi moja ndogo ya mkono wa kulia ilikuwa na kovu lenye umbo la mbegu ya embe. Na nyuma yao wote, juu ya maji, kitu kirefu kilikuwa kimesimama, kisicho na uso wa kuelekea popote, na bado Nasra alijua kwamba kinamtazama.

Reuben alimkuta amekaa barazani juani, akitetemeka kwa baridi katika joto la nyuzi arobaini na sita. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutaka kuona, aliingia majlisini. Hakukaa dakika mbili. Alipotoka, soksi zake zilikuwa zimelowa hadi vifundoni.

"Sijaona kitu," alisema kwa sauti ya chini.

"Umesikia?"

Reuben alizivua soksi, moja, halafu ya pili. "Kuna mtoto anapumua pale, dada. Kwa meno yaliyobana."

Jioni ile Reuben aliendesha gari mpaka Abu Hamour, kwenye karakana ya fundi Mushtak, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kulijenga dirisha. Mushtak alikuwa Mkashmiri, Mwislamu, mpole wa maneno. Na alikuja asubuhi ya pili pamoja na msaidizi wake, mzee Triloki, Mhindu wa bonde hilohilo aliyelihama akiwa kijana asirudi tena. Walizungumza na wenzao kwa Kiarabu cha kazini kilichochanganyika na Kiingereza, na wao kwa wao kwa lugha ya kwao.

Mushtak aliliona dirisha akavua kofia. Triloki alivua viatu, akabaki kizingitini.

"Umeambiwa hili limetoka wapi?" Mushtak aliuliza.

"Ziarani."

"Ni dirisha la walii wetu."

"La mama wa chemchemi," Triloki alisema kutoka mlangoni.

"La walii. Chemchemi iko upande wa nyuma."

"Chemchemi ilikuwepo kabla walii wako hajazaliwa, Mushtak. Alikuja pale kwa kiu."

Inaelekea walikuwa wameshindana hivyo kwa miaka ishirini, kwa kuwa hakuna aliyekasirika. Lakini Nasra aliposema, macho yakiwa chini, kwamba amefunga ukanda wake na haja yake ikajibiwa, wote wawili waliacha ubishi wakamgeukia.

"Ilijibiwa lini?" Mushtak aliuliza.

"Aprili."

"Na hujafungua?"

"Kufungua?" Nasra alimtazama. "Kwetu hakifunguliwi. Kikishafungwa kimekwenda."

Mushtak alikaa chini sakafuni. "Kwetu, dada yangu, kinachofungwa ni amana. Mwislamu anafunga, Mhindu anafunga, kwenye tundu hilohilo. Ukishapata, unarudi kwa miguu yako, unafungua kwa mkono wako, unapika wali wa manjano, unawapa watu na kuwaambia umepewa nini. Yupo mlinzi wa pale. Sisi tunasema ni jini aliyesilimu kwa mkono wa walii, huyu mzee anasema ni nyoka wa maji. Kazi yake ni moja. Anashika alichofungiwa mpaka aliyefunga aje. Asipokuja, anaendelea kushika. Anakaza."

"Hana ubaya," Triloki alisema. "Wala hana huruma."

Aliinua mkono wake wa kushoto. Vidole viwili vilikuwa vimekunjika ndani ya kiganja, vikavu, vyenye kucha zilizoota kwa kupinda. "Mama yangu alifunga hapo usiku tulipokuwa tunaondoka. Aliomba nifike salama. Nilifika. Tukaishi mbali, njia ikawa haipitiki kwetu, na yeye akafia kwenye chumba cha kupanga. Uzi wake umo humo ndani. Hakuna mkono mwingine unaoweza kuufungua. Nilikatwa vidole hivi hospitali mara moja," aliongeza kwa utulivu, "vikaota vimekunjika."

Reuben alitazama sakafu. "Basi tugeuze dirisha," alisema. "Dada afungue, tumalize."

Walijaribu. Wanaume watatu walilishika dirisha ambalo Nasra alikuwa akilisogeza peke yake kila Alhamisi, na halikusogea upana wa uzi. Lilikuwa limeng'ang'ania ukuta kama lililoota pale. Mushtak alifuta jasho. Alisema lazima mkono upite tunduni.

"Usiite jina lake," alimwonya. "Usiseme neno mpaka fundo liishe. Ukisema, mlinzi atafikiri unaomba tena."

Mushtak alisoma Fatiha. Triloki aliweka kikombe cha maziwa kizingitini, na safari hii Mushtak hakumbishia. Saa ilikaribia sita. Nasra alipiga magoti, akapitisha mkono wa kulia katika tundu la chini kabisa, na mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko, kisha mpaka begani, mahali ambapo ungepaswa kugonga ukuta, na baridi ikaukamata kiasi kwamba hakuwa na hakika kama vidole bado ni vyake. Akapapasa, akakuta nyuzi zilizolowa, nyingi kama nywele za mtu aliyezama, akazipambanua moja moja kwa kugusa, hariri, pamba, sufu, mpaka alipoutambua ufumaji wa kanga yake, na akaufuata ukanda kutoka kwenye ubao kwenda upande wa pili, naye akitarajia kukuta ncha iliyochanika, lakini ncha ilikuwa imeshikwa. Ilikuwa imefumbatwa ndani ya ngumi ndogo, na kidole gumba cha Nasra kikapita juu ya kovu.

Kila kitu ndani yake kilitaka kuliita jina. Aliuma mtandio wake. Alilifungua fundo la kwanza kwa kucha, na ngumi ikalegea kidogo. Na alipolishika la pili, mkono mwingine, mrefu, usio na joto wala ubaridi, uliwekwa juu ya wake, ukatulia hapo bila kukaza wala kuzuia, ukingoja kama mtunza amana anavyongoja kuhakikisha kwamba anayechukua ndiye aliyeweka. Nasra hakusema neno. Fundo lilifunguka. Kidole kimoja kimoja, ngumi ile ndogo ikaachia.

Alivuta mkono wake, na ndani yake mlikuwa na ukanda wa kanga, mkavu.

Simu ya Bi Mwanaidi ililia kabla hajasimama. Mama yake alikuwa akilia, akasema mtoto amefungua mikono yote miwili, kiganjani mlikuwa na maji baridi, na kwamba anataka uji. Nasra aliomba azungumze naye. Sauti ilikuja hafifu, yenye kukwaruza.

"Mama."

"Abee, mwanangu."

"Kule palikuwa na baridi."

Walipika siku ileile, sufuria kubwa ya wali wa manjano na samli, Mushtak akipima bizari, Triloki akikosoa. Reuben alizunguka nyumba hadi nyumba mtaani na sahani zilizofunikwa, akawapa madereva, walinzi na watumishi wa ndani, Wakenya, Wahabeshi, Wafilipino, Wanepali, na kila mmoja akamweleza sababu kama alivyoagizwa: mtoto wa Nasra amepona kwa dirisha lililomo majlisini. Maji hayakuonekana tena. Mushtak aliikataa kazi ya saruji, akamwandikia Madamu kwamba dirisha lirudishwe kwao. Madamu alimjibu kwa heshima, na wenye nyumba waliporudi waliletwa mafundi wengine, wakalijenga ukutani siku moja.

Mtu wa kwanza aligonga mlango wa jikoni wiki ya pili ya Septemba, saa sita mchana, Madamu akiwa dukani. Alikuwa Milcah, Mkenya aliyefanya kazi jumba la tatu kutoka pale. Alikuwa amekula wali. Alikuwa na utepe wa buluu umeviringwa kidoleni.

"Mama Mwanakheri, nioneshe hiyo kitu."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Omondi wangu ana kifua tangu azaliwe. Miaka minne. Kila mvua ikinyesha Homa Bay silali, niko hapa nasikia simu tu."

Nasra alimweleza kila kitu: mlinzi, ngumi, vidole vya mzee Triloki. Alimweleza mara mbili. "Usifunge kama huna hakika ya kurudi."

"Nirudi kutoka wapi? Niko nyumba ya tatu. Mkataba wangu bado miezi kumi na minne," Milcah alisema. Kisha, kwa kuwa Nasra alikuwa bado amesimama mlangoni: "Wako si amepona?"

Nasra aliuachia mlango. Alisogea kando. Milcah alipiga magoti nyuma ya mito ya kuegemea iliyopangwa chini ya dirisha, akafunga utepe wake katika tundu la chini, mahali wenyeji wasipotazama.

Baada yake walikuja wengine. Walikuja mmoja mmoja, mchana, na mafundo nyuma ya mito yakaongezeka, ya utepe, ya kamba za viatu, ya uzi wa rozari. Kila mmoja Nasra alimwambia arudi, na wengine walirudi, wakafungua, wakaleta wali katika vibakuli vya plastiki. Milcah alipita Jumanne moja kwenye uzio na kuita kwa furaha kwamba kifua cha Omondi kimekuwa chepesi, na kwamba Ijumaa, siku yake ya mapumziko, atakuja kufungua.

Ijumaa hakuja. Jioni Reuben aliingia jikoni akaweka funguo za gari mezani bila kuketi.

"Milcah amerudishwa kwao," alisema. "Jana asubuhi. Dereva wao ameniambia. Walimpa dakika ishirini za kufunga begi, simu ya kazi wakaichukua."

"Amefungua?"

"Angefungua saa ngapi, dada?"

Nasra alikwenda majlisini, akaisogeza mito. Utepe wa buluu ulikuwa umelowa. Alijaribu fundo kwa kucha, kwa meno, kwa uma wa jikoni, na kila alipovuta lilijikaza kama kitu kinachomeza. Alipiga nambari ya Milcah ya Kenya. Haikuwa ikipatikana. Aliipiga mpaka simu ikapata moto sikioni mwake, na katika kuipiga simu ya Tanga ikaingia katikati.

"Ameamka analia," Bi Mwanaidi alisema. "Anakutaka wewe. Hakuanguka, usihofu, ni ndoto tu."

"Mama," Mwanakheri alisema.

"Niambie, mwanangu."

"Nimeota kule kwenye maji. Mahali pangu amekaa mtoto mwingine, mdogo kuliko mimi. Hajui Kiswahili vizuri. Amefumba mkono."

Zulia lililokuwa chini ya magoti ya Nasra lilikuwa limeanza kuwa baridi.

"Nimemuuliza jina," mtoto alisema, "akasema ni Omondi. Anauliza mama yake anakuja saa ngapi."